Kwa Waziri mwenye dhamana ya misitu: kabla ya kupanda miti, yasomwe matope

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu mpango wa kupanda miti katika nyanda za nyasi, mpango unaoelezwa kuwa ni wa kurejesha uoto wa asili. Neno "kurejesha" ndilo linalonitia shaka, maana sijaona popote pale ambapo wizara imethibitisha kuwa msitu uliwahi kuwapo huko.

Ushahidi wa jambo hilo umelala katika matope ya vinamasi na maziwa. Chavua, yaani vumbi la uzazi la mimea, inayotua majini huzama na kufunikwa na mashapo, tabaka juu ya tabaka, na ganda lake, lililoundwa kwa dutu iitwayo sporopolenini, ni gumu kiasi kwamba maabara huyeyusha mchanga ulioizunguka kwa asidi ya haidrofloriki nalo likabaki zima. Chini ya hadubini, umbo la chavua huonyesha aina ya mmea ilikotoka: chavua ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa mithili ya masikio. Ya nyasi ni kiduara chenye tundu moja tu. Mtaalamu huhesabu mamia ya chembe katika kila tabaka, kisha umri wake hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana, hadi miaka 50,000 hivi iliyopita. Mswidi Lennart von Post aliwasilisha michoro ya hesabu za namna hii mwaka 1916, kwa hiyo sikuombi jaribio jipya.

Nakiri kwamba hesabu hizo hazisomwi kijuujuu. Msonobari humwaga chavua nyingi mno, nayo husafiri mbali kwa upepo, ilhali mimea inayochavushwa na wadudu huacha chembe chache. Ndiyo maana visukuku vya majani, ambayo kwa kawaida huzikwa karibu na mti wake, husomwa sambamba na chavua.

Katika nyanda za juu za Madagaska iliaminika kwa muda mrefu kwamba msitu ulitanda kote hadi binadamu alipouchoma. Chavua na mkaa kutoka kwenye mashapo ya maziwa vilionyesha kuwa nyasi na moto vilikuwapo kabla ya watu kufika.

Naomba, basi, kinamasi au ziwa lililo jirani na kila eneo la mradi litobolewe na kusomwa kabla ya mche wa kwanza kupandwa. Naomba pia vinamasi hivyo visikaushwe kwa ajili ya vitalu, kwa kuwa hewa ikishapenya kwenye matope, chavua huoza.

Wako mtiifu,
Mwananchi