Lile dege uliloniulizia ni letu kabisa

Shoga yangu,

Salamu kwanza, kwako na shemeji na wanangu huko kwenye baridi. Huku Tanga hatujambo, joto tu ndo linatupika. Meseji yako niliiona tangu Jumatano nikasema hii siijibu kwa simu nusunusu, nakaa kitako naiandika barua nzima, maana umeuliza kimchezo eti "hili dege la kijivu la jeshi la Waingereza wanasema lilikuwa la Afrika Mashariki, wananipiga kamba?" na wala hujui umegusa wapi.

Hawakupigi kamba. Hiyo ZA150 uliyoipiga picha pale Dunsfold, huko Uingereza, kabla ya kuwa mwanajeshi iliitwa 5H-MOG, na 5H ni alama ya ndege za Tanzania mpaka kesho, kama 5Y ilivyo ya Kenya na 5X ya Uganda. Ni Super VC10, jeti kubwa ya abiria ya Mwingereza, tena ndo ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, East African Airways wakaipokea 1970. Walikuwa nazo tano.

Nilimpelekea Mjomba ile picha. Unamkumbuka Mjomba wa Ngamiani, yule aliyekuwa akitutengenezea baiskeli alafu anatuuliza tumeifanyaje mpaka imekuwa hivi? Kavaa miwani, kaikuza picha kwa vidole viwili, anaikuza tu, mpaka ikabaki upande wa mbele kushoto peke yake, nikamwambia Mjomba ndege yenyewe huioni tena, akasema naona mlango. Kumbe hizo za kwetu ziliagizwa na mlango mkubwa wa mizigo pale mbele, na yeye ameufungua na kuufunga huo mlango miaka na miaka Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi. Baadaye Waingereza walipotaka kuzigeuza ziwe za kunyweshea mafuta ndege za kivita angani, matenki yakapitishwa kwenye mlango huohuo. Mjomba anasema hilo kwa fahari utadhani alijua mapema.

Yeye na shirika ni marika, wote wa 1946. Shirika lilianza na vindege vidogo vya Dragon Rapide vya kutoka enzi za Mwingereza, makao Nairobi, wenyewe Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. 1960 ikaja Comet, ndege ya jeti, watu wa Dar wakatoka majumbani kuangalia. 1966 ndo zikaanza kuja VC10 na mwaka huohuo Mjomba akaajiriwa, kijana wa miaka 20 katoka Tanga na sanduku la bati. London, Bombay, Karachi, zote walikuwa wanakwenda. Anasema karakanani ulikuwa huulizani kabila wala nchi, Mganda anashika tochi Mtanzania anafungua nati Mkenya anawasimamia na kuwatukana wote sawasawa.

Kuna kitu kimoja hakisimulii. Aprili 1972 VC10 moja iliyokuwa inaruka kutoka Addis Ababa ilikanyaga chuma kilichoachwa kwenye njia ya kurukia, tairi la mbele likapasuka, rubani akaamua kusimama, breki hazikutosha, ikatoka mwisho wa uwanja ikaanguka. Watu 43 wakafa. Uchunguzi ukasema breki nyingine zilikuwa zimefungwa vibaya. Yeye hakuigusa ndege hiyo, ila tukifika hapo huomba maji. Mie siku hizi naruka hiyo sehemu.

Sasa unataka kujua lilikufaje. Shoga, halikufa kwa kukosa abiria. Mafuta yalipanda baada ya 1973, ndiyo, kila shirika duniani liliumia. Ila letu liliuawa na wenyewe. Amin alipompindua Obote 1971 Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja, na Mamlaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa juu ya shirika, ilikuwa ni marais watatu hao hao, sasa wasipokaa nani anaamua? Alafu fedha. Tiketi zinauzwa Dar, zinauzwa Kampala, hela inatakiwa iende makao makuu Nairobi, haiendi. Huku wanasema Nairobi wanafaidi, ajira kwao karakana kwao, Nairobi nao wanasema sisi ndo tunabeba mzigo nyie hamleti kitu. Mjomba kila siku anailaumu Kenya. Mie nikimsikiliza vizuri naona kila mmoja alikuwa anachota kwenye chungu kimoja huku anamkagua mwenzie kijiko.

Mwanzoni mwa 1977 ndege zikazuiwa kuruka, watu wakabaki wamekwama. Tarehe 4 Februari Kenya Airways ikaruka, na siku zilezile Tanzania ikafunga mpaka na kushika mali iliyokutwa huku, ndege, magari, na mpaka wenyewe ulikaa umefungwa hadi 1983. Mjomba alishachungulia mapema. Wiki ya mwisho ya Januari alipanda basi Nairobi mpaka Mombasa, Mombasa mpaka Lunga Lunga, akatokea Tanga na boksi la spana na kijiko kimoja cha chai chenye herufi EAA mgongoni. Ndo kijiko cha sukari cha kwao mpaka leo, we mwenyewe ushakorogea chai. Mtu anayechukia wizi kama yule, tukimuuliza anajibu, "Huo ndio mgao wangu."

Na ujue mgao wenyewe wa serikali ulikuwa kizungumkuti. Walimleta Mswisi mmoja, Umbricht, awapatanishe, wakavutana mpaka 1984 ndo wakasaini Arusha, Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, za mali zote za Jumuiya. Miaka saba! Ndoa yenyewe haikuwa na ugomvi kama talaka yake. Na hizo VC10 nne zilizobaki hazikuwemo hata kwenye kugombewa, zilirudi kwa waliozitengeneza Uingereza, na kutoka hapo jeshini.

Kwetu ikaanzishwa ATC, yaani Air Tanzania Corporation, Machi 1977, twiga mkiani. Kabla ya miaka miwili mitatu kupita zikaja Boeing 737 mpya, Mjomba akaenda Dar kuziona tu, na nauli yake mwenyewe. Februari 1982 moja ikatekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar, ikazungushwa Nairobi, Jeddah, Athens, ikaishia Stansted Uingereza, watekaji wanamtaka Mwalimu ajiuzulu. Baada ya hapo ni ile hadithi unayoijua wewe mwenyewe, ndege chache, ratiba ya kudra, watu wakaibatiza ATC jina la Any Time Cancellation. 2002 wakawauzia South African Airways asilimia 49 kwa dola milioni 20. 2006 ndoa ikavunjika nayo, serikali ikazinunua hisa kwa dola milioni moja. Hiyo hesabu niliifanya mara mbili nikidhani nimekosea sifuri. Desemba 2008 wakanyang'anywa hata cheti cha kurusha ndege kwa wiki kadhaa, na ikafika mahali shirika la taifa zima lina ndege moja tu inayoruka, kidege cha Dash 8, nayo Aprili 2012 ikaanguka Kigoma, mshukuru Mungu hakufa mtu.

Septemba 2016 zilipokuja Bombardier mpya mbili tulikuwa kwa Mjomba tunaangalia kwenye tivii, magari ya zimamoto yanazimwagia maji, watu wanapiga vigelegele, shangazi anafuta machozi na kanga. Mjomba kimya. Mwisho akauliza, "Spea zake zitakaa wapi?" Tukamzomea, tukamwambia Mjomba leo tuache tufurahi. Ila unajua swali lake lilikuwa zuri.

Kuna jambo sijamwambia bado naogopa presha yake. Dada yake hiyo ya kwako, ZA147, iliyokuwa 5H-MMT, nayo ya kwetu, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani, tarehe 25 Septemba 2013. Yaani Jumuiya imekufa, ATC imezaliwa ikaugua ikalazwa, na yule mtoto bado anaruka miaka 36 baadaye kwenye jeshi la watu, anahudumiwa, anatiwa grisi.

Sasa kazi yako. Ukijaaliwa kwenda tena piga picha ya ule mlango karibu karibu, bawaba zake hasa, Mjomba ana ubishi wake na mtu aliyeshakufa kuhusu hizo bawaba na anataka kuumaliza. Anasema pia mwambie mwenye ndege kijiko kipo na atakirudisha, ila kwa mkono wake mwenyewe, na nauli utoe wewe.

Wasalimie wote.

Mie shoga yako wa Ngamiani