Tukague msimbo wa programu bila kuoneana haya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi waandishi wenzangu wa programu za kompyuta hapa Mbeya, pamoja na wale wanaotupa kazi, tuache tabia ya kupitisha msimbo wa mwenzetu, yaani maandishi ya amri zinazoendesha programu, kwa sababu tu tunamwonea haya.

Nina kisa changu mwenyewe. Msimu mmoja wa kahawa, kampuni niliyokuwamo ilitengeneza programu ya kuweka kumbukumbu za mizani kwa chama cha msingi cha ushirika upande wa Mbozi. Mkubwa wangu kazini, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, alinitumia mabadiliko ya mistari ipatayo 1,400 niyakague kabla hayajawekwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha programu. Niliyafungua saa kumi na moja jioni, mkoba tayari uko begani, nikayapitia kwa macho haraka hadi chini, kisha nikaandika, "Iko sawa, mkuu."

Haikuwa sawa. Programu ilipunguza kilo 1 ya gunia tupu katika kila gunia, ilhali karani wa mizani alikuwa ameshaipunguza kabla ya kuingiza uzito. Aliyelibaini kosa ni mkulima mmoja mwenye daftari lake la mkono, aliyekuja kuuliza kilo 10 za magunia yake 10 zimekwenda wapi. Mkaguzi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mgonga muhuri. Ningeuliza tu kama uzito unaoingia umeshatolewa gunia au bado, mzee yule asingepoteza nauli yake.

Kampuni kubwa pia huteleza. Februari 2014 Apple ililazimika kutoa marekebisho ya iPhone kwa sababu mstari mmoja wa amri ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo, simu ikawa inaruka hatua ya kuhakiki utambulisho wa seva inayowasiliana nayo.

Kwa maoni yangu, mabadiliko yatumwe kidogo kidogo, yakiwa na maelezo ya kwa nini yamefanywa na yamejaribiwaje, na anayekagua ayaendeshe kwenye kompyuta yake badala ya kuyatazama tu. Maoni yauseme msimbo, yasimseme mtu: "hapa gunia linatolewa mara ya pili" humwacha mkubwa na heshima yake, na kijana hupata ujasiri wa kusema. Vyuo vyetu navyo viwape wanafunzi kazi ya kusoma msimbo wa wenzao, kwani wengi huhitimu wakiwa wamesoma wa kwao tu. Vyama vya ushirika na halmashauri, ambao ndio hulipa, waandike ndani ya mkataba kwamba hakuna badiliko linalogusa uzito au fedha litakalowekwa bila mtu wa pili kulikagua na kuandika jina lake.

Mkubwa wangu hakukasirika nilipokiri kwamba sikusoma. Siku hizi akinitumia zaidi ya mistari 300 namrudishia aigawe, na shikamoo yake anaipata kama kawaida.

Mwandishi wa programu,
Soweto, Mbeya