Dhahabu ya bei chee ina mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Iringa, aliyeandika kwamba magemu ya mtandaoni yapigwe marufuku kwa watoto wa shule kwa sababu mwanawe ametapeliwa na "wauza dhahabu" humo ndani. Pole nampa. Dawa yake ndiyo siikubali.

Nina banda la kompyuta hapa Mwanjelwa, mashine sita, saa moja shilingi 1,000. Kabla ya hapo nilikuwa mama lishe machimboni, Makongolosi na Itumbi, wilaya ya Chunya, miaka tisa. Kwa hiyo wauza dhahabu nawajua wa aina zote mbili, na ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa asiyewahi kuona: kwenye magemu yanayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja, mchezaji anahangaika wiki nzima kukusanya dhahabu ya humo humo ili anunue upanga au farasi. Sasa unamkuta mtu kasimama katikati ya soko, jina lake utadhani paka kapita juu ya kibodi, hatembei, hapigani, kazi yake kurusha meseji ile ile kila baada ya sekunde chache: dhahabu rahisi, njoo tovuti fulani. Wenye gemu wakiweka chujio la maneno, yeye anaandika sifuri mahali pa herufi O na kupachika nukta kati ya kila herufi. Akifungiwa leo, kesho karudi na jina jipya, hasa kwenye magemu ya bure ambako kufungua akaunti hakuna gharama. Katika World of Warcraft, gemu la Marekani lililoanza 2004, waliwahi kupanga maiti za vijitu vifupi katikati ya mji, ukiangalia kutoka juu zinasomeka anwani ya tovuti yao! Niliposimuliwa hilo na vijana nilicheka mpaka chai ikanipalia. Huko Chunya nimeona matapeli wengi, lakini wa kutandaza maiti ziwe bango la biashara sijaona.

Mwaka jana niliacha kucheka. Mtoto wa mdogo wangu, yuko kidato cha pili, alimjibu mmoja wa hao. Hakununua papo hapo, aliuliza bei tu. Akahamishiwa kwenye kundi la simu, akapewa namba ya kutuma hela, akatuma 15,000 aliyopewa ya daftari na sare. Kisha akaletewa kiungo cha "kuthibitisha akaunti upokee mzigo wako". Ukurasa ulifanana na wa gemu lenyewe, rangi na nembo. Akaandika barua pepe na neno la siri. Kulipokucha akaunti haina hata kisu. Na hilo silo lililomliza. Lililomliza ni marafiki zake kumpigia simu wakiuliza kwa nini anawasumbua, maana jina lake lenyewe lilikuwa limesimama sokoni likitangaza dhahabu rahisi.

Nikamuuliza ilikuwaje. "Mama mkubwa, bei yao ilikuwa nusu."

Hapo nikamkalisha chini. Machimboni, mtu akikufuata usiku nyuma ya kilabu na dhahabu ya nusu bei, ni ama shaba iliyosuguliwa, ama mali iliyotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la mwenzako. Tangu masoko ya madini yafunguliwe 2019, mwenye dhahabu yake halali anaipeleka ikapimwe mbele ya watu. Anayekwepa mizani ana sababu. Na kwenye gemu ni hivyo hivyo: dhahabu nyingi ya bei chee huchimbwa na programu zinazocheza zenyewe usiku kucha (vijana wanaziita boti, si zile za bandari ya Itungi), au imekombwa kwenye akaunti zilizoibwa. Ile aliyotaka kuinunua huenda ilikuwa ya mtoto mwingine aliyebofya kiungo kama chake juzi yake.

Niseme kweli, si wote wezi. Fedha ya Venezuela ilipoporomoka, kuna watu kule waliokaa kwenye RuneScape, gemu jingine la aina hii, kutwa wakiua majoka ya kijani ili wauze walichookota wapate hela ya chakula. Sheria za gemu zinakataza, na mwenye gemu ana haki ya kuwafungia, lakini mimi siwezi kuwatukana. Nimewapikia ugali wenzao miaka tisa. Anayevuna faida ni dalali aliye katikati, yule mwenye tovuti, na ndiye anayelipia zile kelele.

Sasa turudi kwenye marufuku. Hao hao RuneScape, gemu la Waingereza la tangu 2001, walijaribu. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 walibana biashara huria kati ya wachezaji ili muuza dhahabu asiweze kumkabidhi mteja mzigo. Wauzaji walibanwa kweli. Ila na mtu asiye na kosa akashindwa kumpa rafiki yake zawadi ya maana, wachezaji wakanung'unika, wengine wakahama. Baadaye ikapigwa kura, zaidi ya milioni moja wakashiriki, na Februari 2011 biashara huria ikarudishwa. Ndugu yangu wa Iringa, ukimnyang'anya mwanao simu atacheza kwa mwenzake, na siku akitapeliwa tena hatakuambia. Wangu aliniambia kwa sababu hakuogopa kupigwa.

Bandani kwangu sasa hakuna kubishana na muuza dhahabu. Vijana wanapenda kumtukana, wanajiona wamemkomesha, kumbe anayejibu kwa tusi anamwonyesha tu kwamba hapa kuna mtu hai anayesoma. Unabofya jina, unaripoti, unalizuia, unaendelea na mchezo wako. Kila meseji inakuchukua sekunde tatu tu. Neno la siri la gemu lisiwe la barua pepe, na ule uthibitisho wa hatua mbili (ukiandika neno la siri unadaiwa na namba ya pili, ya kwenye simu yako) uwashwe. Yule wa kwetu alirudishiwa akaunti baada ya kuandikiana na wenye gemu siku kumi na moja. Ilirudi tupu, na 15,000 ilikwenda na maji.

Ambalo sikulijua siku ile ni kwamba namba aliyotumiwa ya kupokelea hela ilikuwa laini ya hapa hapa Tanzania. Mwenye tovuti anaweza kuwa upande wowote wa dunia, mpokeaji yuko jirani. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshafundishwa kuzipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, bure. Na hii ya dhahabu ya gemu, ikishafika hatua ya kutajiwa namba ya simu, ni wizi ule ule umevaa kofia nyingine. Ipelekwe huko huko. Mimi nilikaa wiki mbili nikiona aibu kwamba ni mambo ya magemu, nani atanisikiliza. Naomba gazeti lako liichape 15040 kwenye ukurasa wa vijana, kwa herufi kubwa, kuliko kuwachapia kila wiki kwamba magemu yanaharibu akili.

Na msomaji wa Iringa, ukipita Mbeya na kijana wako, shukeni Kabwe muulize banda la mama aliyekuwa Chunya. Aje na hiyo akaunti yake tuone kama inaokoleka. Saa ya kwanza hatalipa.

Mwenye banda la kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya