Tunaomba Mchango wa Altare na Chumba cha Chekechea Kabla ya Kutabaruku Kanisa

Tumsifu Yesu Kristo!

Wanakigango, majirani na ndugu zetu mlio mbali, kanisa limeshaezekwa na plasta imekwisha. Altare, yaani madhabahu, hatuna. Meza tunayosalia ni ya mbao. Jumatatu inasukumwa pembeni watoto wa chekechea wapate nafasi, na mguu wake mmoja umejaa michoro ya chaki na kalamu za rangi. Misa inayoadhimishwa juu yake ni Misa kamili, asitokee wa kulitilia shaka hilo. Ila kanisa hutabarukiwa, yaani huwekwa wakfu, pamoja na altare yake, na Sheria ya Kanisa inasema inafaa kila kanisa liwe na altare isiyohamishika, ambayo kwa desturi meza yake huwa jiwe moja la asili.

Wapo waliouliza kwa nini tusilibariki tu kanisa kwa maji ya baraka, yaishe. Inaruhusiwa. Lakini hebu fikirini kitakachofanyika siku ya kutabaruku. Baba Askofu atamimina Krisma katikati ya altare na kwenye pembe zake nne, kisha ataipaka meza yote. Atakwenda kwenye kuta, azipake penye misalaba, mahali 12 au 4. Krisma hiyo ni mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na manukato, yaliyowekwa wakfu katika Misa ya Krisma. Ndiyo uliyopakwa utosini ulipobatizwa, na kwenye paji la uso ulipopata Kipaimara. Jengo linatendewa ulichotendewa wewe. Baada ya hapo ubani unafukizwa juu ya altare, mafuta yanapanguswa, ndipo kitambaa kinatandikwa na mishumaa inawashwa. Yakobo naye kule Betheli alilisimamisha jiwe alilolilalia akalimiminia mafuta. Tunasoma katika Mwanzo 28.

Kilichotabarukiwa kimetengwa kwa ajili ya Mungu. Hakuna tena mikutano ya kijiji humo ndani, wala karamu za harusi, wala chekechea. Hapa ndipo kamati ilipobishana sana, maana hatuwezi kumtengea Mungu nyumba kwa kuwatoa watoto wake juani. Kwa hiyo mchango huu ni wa mambo mawili kwa pamoja: jiwe la altare, na chumba kimoja cha chekechea nyuma ya kanisa. Chumba kitaanza.

Tumeshaulizwa pia kama mchangiaji mkubwa ataandikwa jina kwenye altare. Hapana. Na habari za sare ya kitenge cha siku hiyo tuziache kwanza, jamani. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanajua ninachosema.

Harambee itakuwa Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 9 Novemba, sikukuu ya Kutabarukiwa kwa Basilika la Laterano, kanisa kuu la Roma ambalo kwa mapokeo lilitabarukiwa na Papa Silvesta I mwaka 324. Mwenye fedha alete fedha. Mwenye mfuko wa saruji, tripu ya mchanga, kokoto, debe la mahindi, kuku au mbuzi alete. Mazao na mifugo vitanadiwa palepale nje baada ya Misa, na mnada wetu mnaujua, kuku mmoja huuzwa hata mara tatu.

Ahadi zinaandikwa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo kuanzia wiki hii. Mlio mbali, tumeni kupitia ndugu zenu waliopo jumuiyani, na kila anayetoa adai stakabadhi kwa mhazini wa kigango.