Barua kwa Zainabu kabla hajaenda Sriperumbudur

Chakan, Pune
12 Januari 2026

Dada yangu Zainabu,

Asalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba kampuni yenu imekuteua uwe msimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda chake cha vipuri huko Sriperumbudur, nje kidogo ya jiji la Chennai. Umeniuliza kama uchumi unaokua kwa asilimia 6.5, kama ulivyokua uchumi wa India katika mwaka wa fedha wa 2024–25, hautakufanya uhangaike kila mwezi kutafuta watu wapya, kwa kuwa wale ulio nao watakuwa wanakimbilia penye mshahara mnono. Kwa wahandisi na watu wa kompyuta, hofu yako ina msingi: kampuni nyingi za kompyuta humtaka anayeacha kazi atoe notisi ya siku 90, na siku hizo huwa ndizo za kuzunguka na barua ya ajira yako mkononi akitafuta nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Usishangae mtu uliyemngoja miezi mitatu asipotokea siku ya kwanza.

Lakini wahandisi ni wachache. Getini utawaona watu wa aina mbili, ambao mara nyingi hutofautishwa na rangi ya sare tu, wakiingia zamu moja na kusimama kwenye mashine zinazofanana. Wa kwanza ni waajiriwa wa kudumu, wenye chama, likizo ya malipo na bonasi ya Diwali, ambayo kisheria haiwezi kupungua asilimia 8.33 ya mshahara wa mwaka, mshahara huo ukihesabiwa hadi kikomo kilichowekwa na sheria. Wa pili ni vibarua walioletwa na wakala, ambaye huku huitwa thekedar. Katika viwanda vilivyosajiliwa nchini India, vibarua wa namna hii ni takribani 4 kati ya kila wafanyakazi 10, ilhali mwanzoni mwa karne hii walikuwa karibu 2 kati ya 10. Uchumi umekua, na wao ndio walioongezeka kwa kasi zaidi.

Chanzo chake, kwa sehemu, ni sheria iliyotungwa kwa nia njema. Sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 1947 ilirekebishwa mwaka 1976 ili kiwanda chenye wafanyakazi 300 au zaidi kisipunguze watu wala kufungwa bila kibali cha serikali, na baadaye idadi hiyo ikashushwa hadi 100. Yalipokuja mageuzi ya mwaka 1991, ambayo Manmohan Singh, waziri wa fedha wa wakati huo, aliyatangaza nchi ikiwa imebakiwa na fedha za kigeni za kuagizia bidhaa za wiki chache tu, leseni nyingi za kuanzisha na kupanua viwanda zilifutwa, lakini sheria hiyo haikuguswa. Mwenye kiwanda akawa anaingia sokoni apendavyo, huku mlango wa kumwachisha mtu kazi ukibaki na kufuli lake lilelile, na thekedar akawa ndiye dirisha. Wenye viwanda hupenda kusema kwamba walilazimishwa na sheria. Mimi nimekaa nao miaka ya kutosha kujua kwamba hata bila sheria hiyo wengi wao wangemtafuta thekedar, kwa sababu kibarua hugharimu kidogo.

Nikutoe kidogo nje ya mada. Wenyeji huku kiwanda hukiita karkhana, na ukilisikia neno hilo utaikumbuka karakana yetu. Kwenye mashamba ya miwa ya jimbo hili la Maharashtra, anayewakusanya wakata miwa kutoka wilaya kavu kama Beed, akiwalipa kabla ya msimu ili wasiweze kukataa kwenda, huitwa mukadam. Babu zetu nao walimjua kadamu, aliyekuwa chini ya msimamizi na nokoa, msaidizi wake, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa. Mara ya kwanza nilipolisikia neno hilo kinywani mwa nyapara wetu sikulipenda hata kidogo.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi hii. Katika mwaka wangu wa kwanza, kijana mmoja kutoka jimbo la Bihar, kibarua, aligundua kwamba kinga ya mashine ya kugongea mabati imelegea, akaizima kabla haijamkata mwenzake mkono. Mimi, nikiwa bado na ya darasani kichwani, nilimwita mbele ya zamu nzima, nikamtaja jina, nikampa cheti na bahasha ya rupia 2,000. Watu wakapiga makofi. Jioni ile mwanasheria wa kiwanda aliniita, na hakunikaribisha kiti. Akaniambia kwamba mahakama za India, zinapotaka kujua kama kibarua ni wa thekedar kwelikweli au ni mwajiriwa wa kiwanda aliyefichwa, huangalia ni nani anayempangia kazi, anayemsimamia, anayemwadhibu na anayemlipa. Kwa cheti changu kile kimoja na bahasha yake, nilikuwa nimemwandikia yule kijana ushahidi wa kudai ajira ya kudumu, na pamoja naye wenzake wote. Siku ya tatu thekedar alimhamishia kiwanda kingine, nami sikumwona tena. Cheti nilikuta kimeachwa kwa mlinzi getini.

Ndiyo maana nasema kwamba ugumu wa kazi unayoiendea umo hapo, dada yangu. Utalipwa ili uwajue watu, uwape moyo na uwaongoze, na wakati huohuo utashauriwa na wanaokutakia mema kwamba nusu ya watu hao usiwajue kwa majina.

Usidhani kwamba wasiotajwa majina hunyamaza siku zote. Tarehe 18 Julai 2012, katika kiwanda cha magari cha Maruti Suzuki huko Manesar, karibu na Delhi, ugomvi uliokuwa umechemka kwa zaidi ya mwaka mmoja kuhusu chama cha wafanyakazi, muda wa kupumzika na hali ya vibarua ulilipuka kuwa vurugu na moto, na meneja mkuu wa rasilimali watu akafa humo. Kiwanda kilifungwa kwa takribani mwezi mmoja, na mwaka 2017 mahakama iliwahukumu watu 13 kifungo cha maisha. Huko Sriperumbudur kwenu, mwaka 2024, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa kiwanda cha Samsung waligoma kwa siku 37, na dai lao kubwa lilikuwa chama chao kitambuliwe. Mgomo huo ulikwisha bila damu, na nakushauri uwaulize wenyeji ulikwishaje.

Tarehe 21 Novemba mwaka jana serikali ilianza kutumia sheria 4 mpya zilizounganisha 29 za zamani. Idadi ya kuhitaji kibali imerudishwa hadi 300, kila mfanyakazi anapaswa kupewa barua ya ajira, na mwenye mkataba wa muda maalumu anastahili kiinua mgongo baada ya mwaka mmoja badala ya mitano. Mimi nimeipenda hiyo ya barua ya ajira kuliko zote, ingawa wakubwa wangu wanaizungumzia ile ya 300 tu.

Jambo moja la vitendo. Ukiwa na vijana wa Bihar, ujue kwamba Chhath, sikukuu yao kubwa, huja siku 6 baada ya Diwali, na hakuna posho itakayowazuia kwenda kwao. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, nazo huisha kwa dakika chache. Panga likizo kabla ya siku hiyo, bandika orodha ukutani, na uwaweke vibarua ndani yake hata thekedar akinung'unika. Mimi nafanya hivyo tangu mwaka wangu wa pili, na mwanasheria bado hajaona tatizo katika ratiba ya likizo.

Nisalimie mama, na umwambie kwamba bado nakumbuka bokoboko lake. Siku utakapokabidhiwa orodha ya watu wako, niandikie unieleze kama upande wa vibarua umeandikwa majina au idadi tu.

Wako,
Idrisa