Wapokeeni mafundi sanifu wa kemikali

Mhariri,

Mimi ni fundi sanifu wa uhandisi wa kemikali katika kiwanda cha sukari, bonde la Kilombero. Kwenye zamu napima pH (kipimo cha uchachu; chini ya 7 ni chachu) ya maji ya miwa yaliyotiwa chokaa. Ikishuka chini ya 7, sukari inavunjika na kupotea. Ikipanda mno, rangi inaharibika. Uamuzi huo hufanyika palepale, usiku wa manane.

Wazazi, mtoto akifaulu kemia, fizikia na hisabati kidato cha nne, stashahada ya fani hii si njia ya walioshindwa. Binti yangu anaisoma, naona fahari. Ila anazunguka na barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo, hapokelewi. Wenye viwanda, tafadhali wafungulieni milango.

Fundi sanifu,
Kidatu, Morogoro