Kwa Saidi, kuhusu mtutu wa ile bunduki ya .375

Lindi mjini

Kwako kaka Saidi,

Assalaam aleykum. Sisi hatujambo, watoto wazima, na mama yao anakusalimu na kuulizia ule ufuta. Najua tumenyamaziana muda mrefu. Lawama tutagawana siku tukikaa kitako. Hamisi kapita hapa akitokea kwenu Liwale, kanieleza habari za bunduki yako, na tangu hapo sina raha.

Anasema .375 imeanza kutawanya: unalenga palepale, risasi moja inaenda kushoto, inayofuata inapanda juu. Anasema umeshaanza kugeuza kilengeo cha nyuma. Na kwamba yule kijana wa gereji amekushauri umimine maji ya betri ndani ya mtutu "yapate kula uchafu wote". Kaka, kama hujamimina, usimimine kabisa. Ile tindikali hula chuma, lakini haiyeyushi shaba. Utabaki na uchafu wako uleule, na mtutu umeharibika.

Ninavyoona mimi, mtutu wako haujafa, umejaa shaba. Risasi za siku hizi huvikwa koti, aghalabu shaba sehemu 95 na zinki 5 katika kila mia, na zile ngumu za tembo nyingine ni shaba tupu. Kila risasi ikipita kwa kasi inaacha utando kwenye yale matuta ya ndani yanayoizungusha. Juu ya utando huo hukaa masizi ya baruti, juu ya masizi shaba tena, mpaka inakuwa kama ukoko wa leo juu ya ukoko wa jana. Sasa risasi ikibanwa huku na kulegea kule, itashika njia moja vipi? Toa bolti, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kisha angaza tochi mdomoni mwa mtutu. Ukiona michirizi ya rangi ya shaba, ndiyo hiyo.

Mzee Issa naye nasikia amekwambia maji ya moto. Asionekane mjinga, hapana, kwa gobore yuko sahihi kabisa. Gobore linatumia baruti nyeusi na risasi isiyo na koti, na chumvi za ile baruti huyeyuka majini. Hata zile bunduki za modeli ya 1871 walizobeba askari wengi wa Mjerumani vita ilipoanza 1914 zilikuwa za namna hiyo. Lakini shaba haijali maji ya moto. Inataka amonia.

Nimempa Hamisi chupa ya dawa yenye amonia. Kwanza toa masizi kwa dawa ya kawaida ya kusafishia bunduki na brashi, maana amonia haifiki kwenye shaba iliyofunikwa. Ndipo upitishe kitambaa chenye dawa yangu, uache kama robo saa, kisha upitishe kikavu. Kitatoka na buluu. Hiyo buluu ndiyo shaba yako inayotoka, usiogope. Rudia. Buluu ikigoma huku michirizi bado unaiona, kuna masizi mengine chini yake, rudi kwenye brashi na dawa ya kawaida, halafu amonia tena. Uvumilivu ndio kazi yote hapo. Ila usiilaze na dawa usiku kucha ukidhani itafanya kazi ukiwa umelala: amonia ikikaa mno inaweza kuuchubua mtutu wenyewe.

Halafu tazama ncha ya fimbo yako. Kama ni ya shaba, dawa itaila hiyo ncha, nawe utaona buluu isiyoisha na utasugua bure. Nimeweka ya plastiki ndani ya kile kifurushi, itumie hiyo. Ingiza fimbo kwa nyuma, kwenye chemba, usiingize kwa mdomoni. Ule ukingo wa mdomo ndio wa mwisho kuigusa risasi, ukilika upande mmoja hakuna dawa itakayokusaidia. Fanyia kazi nje, upepo ukipita, na chupa ile isikaribiane na jiki. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu. Mwambie shemeji pia, asije akaiweka pamoja na vitu vya kufulia.

Ukimaliza, futa dawa yote, pitisha mafuta kidogo dhidi ya kutu. Siku ya kupiga, yafute tena mpaka pakauke, kwa sababu risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda inakotaka.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtutu uliotoka kusafishwa hivyo hupiga tofauti kidogo mpaka risasi chache zipite. Kwa hiyo usiusafishe leo kesho ukaenda nao kwa tembo. Piga kwanza kwenye karatasi, uone zinapokusanyika, ndipo uguse kilengeo. Kabla ya hapo kiache, nakuomba. Ukikirekebisha kwa mtutu mchafu unafuata kosa linalohama kila siku. Mabibo yakianza kuanguka wale wanyama watarudi mashambani, hilo unalijua kuliko mimi, na tembo aliyejeruhiwa kwa risasi iliyopotoka shabaha atawageukia ninyi, wewe na wale vijana unaotembea nao.

Hamisi alikuwa na haraka, mengi hakunieleza. Ilianza kutawanya lini, kabla au baada ya kuletewa zile risasi mpya? Ni za koti au shaba tupu? Skrubu za kitako umezikaza? Maana nazo zikilegea huleta mchezo huohuo. Kilengeo umekigeuza mara moja tu au unakigeuza kila ukikosa? Maji ya betri, niambie kweli, hujayatia? Na mguu wa Bi Somoe unaendeleaje, ule uvimbe umeshuka?

Nijibu kwa Hamisi huyohuyo, anarudi huku Ijumaa.

Wako,
Rashidi